Waridi Lenye Doa

Umewahi kuona waridi jekundu lenye doa la chai? Mimi nimeyaona rundo zima, yamefanana kama mapacha.

Zamani hizo, kwenye kiwanda chetu cha kuchapa picha, mashine ilichapa mistari myeusi tu. Rangi tulitia kwa mkono. Fundi mkuu alichora ua alilolichuma bustanini, akapaka mwenyewe karatasi moja ya mfano na kuiweka katikati ya meza. Sisi wanawake tuliizunguka, kila mmoja na rangi yake, karatasi zikipita mkono kwa mkono. Mimi nilikuwa na njano. Mama mkubwa, aliyenitafutia kazi hiyo, alikaa kando yangu, upande wa dirisha, na kijani chake: majani, vikonyo, miiba. Tangu aanze alitamani kupaka ua lenyewe, ila mdomo ulikuwa mzito.

"Majani ya huyu ukimwekea mbuzi anakula," alisema Bi Ulimi, mwenye rangi nyekundu. Meza ikacheka. Mama mkubwa naye akacheka, akainamia majani yake.

Siku ya waridi tulitoka uani kunywa chai. Yeye akabaki ndani na kikombe chake. Tuliporudi, kazi ikaendelea kama kawaida.

Jioni fundi mkuu akainua karatasi zilizokauka, moja baada ya nyingine.

"Hili doa kwenye petali limetoka wapi?"

"Liko kwenye mfano, fundi," Bi Ulimi akajibu. "Mimi napaka ninachokiona."

"Na inzi akitua hapo utampaka?"

"Akitulia, nampaka."

Fundi hakucheka. Alinusa karatasi ya mfano. "Hii ni chai. Nani aliisogelea?"

Nilimkanyaga mama mkubwa mguu chini ya meza, anyamaze, maana niliona kibarua kinaota majani. Akauvuta mguu wake taratibu.

"Ni mimi, fundi."

"Wewe? Majani si unayapaka hata ukifumba macho? Huku kwenye ua ulifuata nini?"

Mama mkubwa alifuta vidole kwenye aproni, kimoja kimoja.

"Nilikuwa natazama ulivyoufifiza wekundu pale petali zinapokunjana. Nikainama mno, kikombe mkononi." Akaunyooshea mfano kidole. "Majani nimeyachoka, fundi. Nataka kupaka ua."