Oili Iliyozidi Kwenye Pampu

Maji yaliacha kufika kwenye nyanya zangu. Matuta ya mjomba Mwinyijuma yako chini, karibu na kijito. Yangu yako juu, kwenye kipande alichonipa nilime nilipoacha shule darasa la tano. Nyanya zilikuwa zimeanza kushika rangi, na majani yamejikunja kwa kiu.

"Shikamoo, mjomba. Maji hayapandi."

"Marahaba. Mpira umetoboka huo. Pampu haina neno. Ona, haili oili. Inazaa!"

Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua kama mvuvi aliyevua changu mkubwa. Kweli, oili ilipita alama, na hakuna aliyeiongeza.

Mimi si msemaji. Lakini mpira nilikuwa nimeupapasa wote, hauna tundu. Nikagusa ile oili. Nyepesi, inanuka petroli.

"Mjomba, haijazaa. Imeingia petroli."

"Imepitia wapi?"

Nikamwonesha choki, kile kilango cha hewa kinachofungwa wakati wa kuwasha. Tangu masika ameikaza kwa kipande cha tyubu ibaki imefungwa, ili pampu iwake akivuta kamba mara moja tu.

"Hewa ni kidogo, petroli inazidi, haiungui yote. Ndiyo ule moshi mweusi. Inayobaki inateremkia kwenye oili. Wewe mikono yenye grisi unainawa kwa kitu gani?"

"Petroli. Maji yatatoa grisi?"

"Basi humo ndani nako petroli inaosha oili. Ringi za pistoni zinasugua silinda kavukavu. Nguvu zinakwisha."

Akaniangalia. "Leo umesema maneno ya mwaka mzima. Haya, fundi, fungua. Isipowaka, ndoo ile pale. Utamwagilia matuta yako na yangu."

"Itawaka."

Nikakata kile kipande cha tyubu kwenye choki. Nikamwaga oili, nikasugua plagi iliyokuwa na masizi kama sufuria ya kuni, nikatia oili mpya. Nikafunga choki kwa mkono, nikavuta kamba. Kimya. Mjomba akacheka, akanionesha ndoo. Nikavuta tena, na tena. Ikakohoa, ikashika. Nikaachia choki taratibu, moshi mweusi ukakatika.

Nikaburuta mpira hadi juu. Maji yakaja, nyanya zikanywa. Kwenye tuta la mwisho, la juu kabisa, yakagoma.

"Yamefika?" mjomba akapaza sauti.

"Bado tuta moja! Ringi zimelika, oili mpya haiwezi kuzirudisha. Tubadilishe!"

Sijawahi kupiga kelele hivyo shambani.

"Kesho twende Pangani! Utazichagua wewe!"

Nikateremka, nikachukua ile ndoo, nikalimwagilia tuta lililobaki.