Aliyeitikia Jina la Brand

Mimi, Hamo mwana wa Seman, mwanafunzi wa nyumba hii tukufu ya watawa, mjuzi wa zaburi na rafiki wa Kilatini, natangaza mbele ya mabruda wote na wanafunzi wenzangu kwamba nilichelewa siku mbili kurudi shuleni baada ya mavuno kwa sababu ya homa kali iliyonilaza kitandani, nami nikaitumia kusali bila kukoma.

Tangazo hilo nililisoma kwa sauti ya huzuni, na lingefika mbali kama Bruda Fulke hangeniambia nifunue viganja. Cha kulia kilikuwa laini kama siagi. Cha kushoto kilikuwa na malengelenge manne, mawili yameshapasuka.

"Homa yako," alisema, "iliingilia mkono wa kushoto?"

Wenzangu walicheka hadi benchi likatikisika. Kisha Bruda akanipa kalamu na kipande cha ngozi kuukuu, akaniamuru niandike yaliyotokea, yote, mpaka mwisho. Basi naandika.

Kwetu Thornholt sisi ni mali ya ardhi, na ardhi ni mali ya Abati, mkuu wa nyumba hii ya watawa. Mtu haoi, hahami wala hasagi ngano yake bila ruhusa, na baba yangu alipiga magoti mara mbili ili nije kusoma hapa. Wakati wa mavuno huja zile siku tatu ziitwazo Siku za Hisani. Jina ni zuri. Maana yake ni kwamba tunaacha ngano yetu inyeshewe ili tukavune ya Abati, na tunahesabiwa kuwa tumependa wenyewe. Kila nyumba hutoa miundu miwili. Alfajiri, mnyapara Thurstan husimama kwenye lango la shamba na kijiti chake chenye alama za kisu, alama moja kwa kila mvunaji. Hajui kusoma, lakini kidole chake kikipita juu ya alama, mdomo hutaja jina la mvunaji bila kukosea. Anayetajwa huitika, "Nipo, na mundu wangu," na kisu hukata alama ndogo ya siku hiyo pembeni. Nyumba ikikosa mundu hata siku moja, inarudi kwa Abati pamoja na ngwe zake za shamba.

Mwaka huu nyumba iliyokuwa hatarini ilikuwa ya jirani yetu, shangazi Aldusa. Si shangazi wa damu, ila ndiye aliyenipaka mafuta ya bata nilipokuwa na surua. Mumewe, Brand, alikufa wakati wa Kwaresima. Abati alichukua ng'ombe wake bora kama desturi inavyotaka, na padri akachukua wa pili kwa ubora. Jina la Brand, hata hivyo, lilibaki kwenye kijiti, kwa kuwa alama ya marehemu haikwanguliwi mpaka baraza la vuli. Aldusa alikwenda kwa Thurstan kumwomba amruhusu avune kwa miundu miwili peke yake. Thurstan alimjibu kwamba amemhesabu vizuri na ameona ana mikono miwili tu, si minne. Aldusa alizunguka kijiji kizima akitafuta mtu wa kumsaidia. Kila mtu alikuwa ameshahesabiwa kwenye nyumba yake.

Siku ya kwanza ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliona ndoo niliyobeba lakini sikuona miguu yangu. Kazi yangu ilikuwa kuwapelekea wavunaji maji. Aldusa alisimama karibu na lango akiwa na mundu wake mkono mmoja na wa Brand mkono wa pili. Brand alikuwa mwenye shoto, na mundu wake ulinolewa upande usiofaa mtu mwingine yeyote pale kijijini.

Thurstan alipofika kwenye alama ile alisita, halafu akatamka, "Brand."

Hapa niwakumbushe wenzangu kipaji changu. Ni mimi niliyekohoa kama Bruda Fulke pale kwenye chumba cha kulia, wanafunzi thelathini wakasimama na vijiko mdomoni. Nilirudi nyuma hatua kumi ndani ya ukungu, nikakohoa kifua kile kibovu cha Brand, nikasema kwa sauti yake nzito, "Nipo, na mundu wangu."

Hakuna aliyesogea. Kaka yangu alifanya ishara ya msalaba kwa mkono usio sahihi. Uso wa Thurstan ulikuwa mweupe kama jibini, na kisu chake kikateleza kabla hajakata alama. Lakini alikata. Mtu akishaitika, mnyapara hana ruhusa ya kukataa. Nililala chini kwenye majani yenye umande nikiuma mkono wa kanzu ili nisicheke.

Aldusa aliuchomeka mundu wa Brand ardhini mwanzo wa ngwe waliyopangiwa, akainama kuvuna nusu yake.

Ukungu uliondoka karibu na adhuhuri. Nusu ya Brand ilikuwa imeshavunwa. Miganda ilikuwa imepangwa mstari mmoja, na kila mganda umefungwa kwa fundo lililopinda kushoto. Mundu ulikuwa umesimama mwisho wa ngwe, si pale ulipochomekwa. Niliacha kutamani kucheka. Mimi nilikuwa nimetoa sauti tu. Sikuwa nimekata hata suke moja.

Wakati wa chakula, wapishi waligawa mkate, samaki wa chumvi na pombe ya shayiri kwa hesabu ya alama. Fungu la Brand likabaki mkononi mwa mpishi. Hakuna aliyetaka kulichukua, wala hakuna aliyethubutu kulirudisha kikapuni. Hatimaye waliliweka mwisho wa ngwe. Tulipogeuka tena, palikuwa na miiba ya samaki tu, imepangwa vizuri juu ya jani.

Siku ya pili nilikwenda nikiwa nimeamua kunyamaza. Ukungu ulikuwa uleule. Thurstan alitaja jina kwa sauti ndogo, kama mtu anayegonga mlango akiomba asifunguliwe. Nilifunga mdomo, nikaufunika na kiganja.

Kikohozi kilitoka nyuma yangu, karibu sana, nikahisi pumzi yake baridi shingoni. "Nipo, na mundu wangu."

Sikugeuka. Wale wanaosema mimi ni jasiri wafute maneno yao.

Siku ya tatu ikawa hivyohivyo. Watu walivuna bila kuimba, na hakuna aliyesimama kupangusa jasho, maana kutoka ile nusu ya ngwe ilisikika sauti ya kinoo kikipita juu ya chuma. Shwaa, shwaa, kisha mabua yakianguka. Ukitazama moja kwa moja, huoni kitu. Ukiangalia pembeni, ngano imepungua.

Jioni kabla ya jua kuzama ndipo tunapofunguliwa. Thurstan hutaja tena kila jina na kusema, "Umemaliza, nenda nyumbani," na mtu hagusi njia mpaka asikie lake. Alitaja wote. Alipofika kwenye alama ya Brand, kidole chake kiliruka, akatia kijiti mkandani. Shamba lilikuwa tupu, mabua tu. Sauti ya kinoo iliendelea. Shwaa, shwaa.

Aldusa hakuondoka. Alinishika sikio, akaninong'oneza huku ameniinamia.

"Siku ya kwanza ulikohoa mara mbili. Mume wangu alikuwa akikohoa mara tatu. Jana na leo nimehesabu tatu."

Nikajaribu kumwambia kwamba mimi sijui chochote.

"Nililala na kikohozi kile miaka kumi na minane, Hamo. Alikuwa amepumzika. Wewe umemwita kazini, na yule mwoga hataki kumfungua. Nenda kamwambie."

Nilimkumbusha kwamba nikisema, siku ya kwanza itakuwa ya uongo na nyumba itachukuliwa. Alilitazama shamba.

"Nyumba naijua," alisema. "Nimeshaifagia ili niiache safi. Nenda."

Kwa hiyo nikaenda langoni, mbele ya kijiji kizima, nikasema kwamba sauti ya kwanza ilikuwa yangu. Nilitegemea kofi. Thurstan alikitoa kijiti, akakipapasa muda mrefu. Alisema siku ya uongo hulipwa kwa siku ya jasho, nami kesho nitavuna shayiri ya Abati kando ya kinu, kwa mundu wa Brand, peke yangu. Kisha akaligeukia shamba na kuvua kofia.

"Brand, umemaliza. Nenda nyumbani."

Kinoo kilinyamaza. Mabua yalilala kidogo kuelekea langoni, kama mtu anapita polepole, na Aldusa akasogea pembeni kumpisha.

Nyumba ilibaki yake. Mimi nilivuna shayiri kwa mkono wa kushoto kutwa nzima, kwa huruma niliyokuwa nayo kwa mjane yule, na ndiyo asili ya malengelenge haya.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekusudia kuishia, Bruda, nikiwa nimejiandika kama kijana mtundu aliyeokoa nyumba ya mjane kwa huruma. Lakini ulisoma ukiwa umesimama nyuma yangu, ukaweka kidole kwenye neno "huruma" na kuuliza mimi nilihesabiwa kwenye nyumba gani.

Sikuhesabiwa popote. Thurstan aliniuliza hilohilo langoni. Tangu nije shuleni jina langu halipo kwenye kijiti, na mtu asiye na alama anaweza kushika mundu wa nyumba yoyote akipenda. Aldusa alipozunguka kijiji akitafuta mikono, alipita mlangoni kwetu mara mbili. Nilikuwa ndani, nimekaa, nikijua. Sikutaka viganja vyangu viharibike. Na asubuhi ile nilipokohoa, sikuwaza nyumba yake hata kidogo. Nilitaka tu kuona uso wa Thurstan.