Gélase Ndani ya Kasete ya Nane

"Rudisha nyuma!"

"Sirudishi!"

"Papa Houda, rudisha, amepita mbio..."

"Mama Prodige, bande ya kasete inachakaa! Ikikatika leo nani ataniletea ingine? Na ambargo hii, mipaka yote imefungwa?"

"Bwana yangu amepita pale, we unanisemesha ambargo?"

Walikuwa wanasema pamoja, hakuna mwenye kusikiliza mwenzake. Ilikuwa samedi, Jumamosi, baada ya alasiri, kwa Shakuru, huyo Papa Houda, fundi wa magari wa mutaa wa Jabe. Watu walijaa salon, wamekaa kwenye mikeka na vikombe vya chai.

Shakuru alikuwa anakusanya kitu kimoja tu: Inspekta Brissac, feuilleton, filamu ya mufululizo, ya zamani ya polisi wa Ulaya aliyoiangalia kwenye televizio akiwa kijana. Brissac alikuwa mutu wa koti refu, na hakumushikaga mwizi bila kitu kidogo mukononi: kifungo, kitana, tikiti ya treni. Shemeji wa Brussels alituma kasete mojamoja, zimefichwa ndani ya soksi za wasafiri. Ilibaki ya mwisho tu, ya tisa. Shakuru alizifunga kwenye kitenge, na kurudisha bande alirudisha kwa mukono, na kalamu ya Bic, mashini isiitafune.

"Angenishika mi vile anashika zile kasete," bibi yake Saliha alisemaga, "tungekuwa na watoto kumi na mbili."

Gélase, bwana ya Lisette, huyo Mama Prodige, alikuwa fundi wa cherehani. Mwaka jana alikamatwa kwenye bariere ya wenye bunduki barabarani, akitoka sokoni na kitambaa cha muteja wake. Pale chini ilibaki kiatu moja, ya kushoto. Lisette aliiokota, anaiweka mufuko wa mukeka anaobebaga kila pahali. Jovithe, mukubwa wa bariere, kila aliyemuuliza alimujibu neno moja: "Alisafiri."

Tangu Ramadani, Gélase alionekana ndani ya kasete ya nane. Mara ya kwanza alipita nyuma ya Brissac kwenye gare ya treni, metre ya kupimia nguo kwenye shingo. Samedi iliyofuata alikuwa amekaa kwenye café, anakunywa. Sasa alikuwa anamushonea serveur wa ile café suruali. Saliha alisema amenenepa kidogo, inamupendeza. Mguu wa kushoto ulikuwa hauna kiatu. Watoto waliita "Tonton Gélase!", naye aliwapungia makasi. Saliha alipiga vigelegele, salon nzima ikapiga makofi.

Kwa hiyo Shakuru alishindwa kukataa. Alitoa kasete, akachukua Bic yake, akaanza kuzungusha polepole, ananung'unika. Lisette alimushikia taa.

Hapo Jovithe akaingia. Bunduki aliiacha mulangoni pamoja na viatu, maana Saliha hakutaka uchafu kwenye mikeka. Walimupatia chai. Kasete ilirudi ndani ya mashini, na Gélase akapita tena, anachechemea kidogo kwa sababu ya lami ya baridi.

Jovithe alipuliza chai yake.

"Munaona?" alisema. "Si niliwaambia? Alisafiri. Iko Ulaya, anashona."

Saliha alimuongezea sukari, vile mutu anamuongezeaga mwenye bunduki. Lisette alikumbatia mufuko wake.

Kwenye televizio, Brissac alikuwa anamuhoji bibi tajiri aliyeibiwa mukufu. Alimuacha katikati ya jibu. Alisogea mbele mpaka sura yake ikajaa kioo, akaangalia mikeka, akaangalia viatu mulangoni, akamuangalia Jovithe muda murefu. Halafu akamugeukia Lisette na kuvua kofia. Aliongea Swahili ya Jabe, maana Gélase alikuwa na muda wa kumufundisha.

"Mama Prodige," alisema, "ile kiatu ingine, ya kushoto, naiomba."