Siku Rodanthi Alipopanda Karfi

Miaka yote ambayo Mathios alilinda magofu ya kale kwenye kilele cha mlima Karfi, mkewe Rodanthi hakuwahi kutia mguu huko. Kwanza kazi za nyumbani hazikumpa nafasi, kisha msimu mmoja wa baridi akaanguka jikoni, akavunjika nyonga.

"Haya, nenda kwa mke mwenzangu," alizoea kumwambia mumewe asubuhi alipoondoka kwenda magofuni. "Huyo hafui, hapiki, na bado unamkimbilia."

Madaktari wa mjini Iraklio walimtia nyonga ya chuma. Mathios naye akastaafu. Theluji ilipoyeyuka, Rodanthi alijifunga kitambaa kichwani akasema, "Leo nipeleke nikamwone huyo bibi."

Walipanda polepole, upepo ukiwapiga ubavuni. Mathios alitangulia, akigeuka kila mara.

"Usiniangalie hivyo, sivunjiki tena."

"Nani anakuangalia? Naangalia njia."

"Njia iko mbele, mzee. Nyuma niko mimi."

Kileleni hapakuwa na mtu. Kuta za mawe, nyingi zikifika magotini tu, zilibanana kati ya majabali, kama walivyoziacha watu waliokimbilia huko zamani za kale. Rodanthi aligusa kizingiti kilicholika katikati.

"Maskini! Maji walipandisha kutoka kule chini chemchemini?"

"Wanawake ndio walipandisha."

"Hilo nilijua bila kuambiwa."

Mathios aliketi juu ya mwamba mmoja bila kuchagua, kama mtu akaaye kitini kwake. Rodanthi akajibanza kando yake. Chini, bonde zima lilikuwa wazi, na mbele ya macho yao kabisa, paa la nyumba yao na dohani yake.

"Kumbe ulikuwa ukikaa hapa kunichungulia!"

"Nilikuwa nachungulia moshi. Moshi ukionekana, najua umeamka, umewasha jiko. Roho inatulia."

Rodanthi alilitazama lile paa. Aliikumbuka siku ile alipoanguka: amelala sakafuni, jiko halijawashwa, sauti imemkauka kwa kuita. Halafu mlango ukafunguka, Mathios akaingia akihema, akidai amerudi kuchukua tumbaku.

"Siku ile hukusahau tumbaku."

"Ilikuwa mfukoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenicheka. Ungesema nimeacha lindo kwa ajili ya moshi."

Hakucheka. Alimshika mkono, akautia ndani ya koti lake, wakakaa hivyo mpaka vidole vikapata moto.

"Ahsante, Mathios," alisema. "Umeniweka duniani wewe."

"Mungu ndiye aliyekuweka. Mimi nilikimbia tu."

"Na hawa waliojenga hapa nao ahsante," akasema Rodanthi, akiziangalia zile kuta. "Wangejenga kwenye kilima kingine, nawe ungelinda huko, moshi wangu usingeuona. Mimi ningekuwa udongo saa hizi."

Walikula mkate na jibini. Kabla ya kuteremka, Rodanthi aliingia katika gofu la nyumba lililokuwa karibu, akafanya ishara ya msalaba, akawaombea wenyewe wa kale rehema, polepole, kama anavyowaombea wazazi wake marehemu.