Uso Kwenye Shuka

"Hivi mama, ukifa leo, Mungu akikuuliza hiyo rangi kwenye kucha ni ya nini, utamjibu nini?"

Jirani aliniuliza hivyo siku moja tukianika nguo uani. Nikamwambia hataniuliza, maana alikuwepo nikiinunua. Jirani alicheka mpaka akashika kamba. Nyumbani hakuna aliyecheka. Mjane mwenye wajukuu, mtu wa kanisa, kaacha kazi ya hospitali ili akae ndani achore picha! Wanangu walidhani ni majonzi, yatapita. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alisema ni uvivu uliochelewa.

Wifi ndiye aliyeniingiza kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na bado ni msimamizi pale. Nimezeekea kwenye udobi. Nimepiga pasi mashuka ya wagonjwa mpaka kiganja kikawa kigumu kama kisigino. Kazi yetu ilikuwa kuondoa. Damu, dawa, jasho la mtu aliyelala akiomba asife, vyote vitoke, shuka lirudi wodini kama halijawahi kulaliwa. Nilipoacha kazi nilitaka kitu kibaki.

Nilitaka abaki mume wangu. Picha yake tuliyo nayo ni ya kitambulisho, kakaza uso kama mshtakiwa. Mimi namjua akicheka bila meno ya mbele, na kicheko kile kilikuwa kimeanza kunitoka. Asubuhi nyingine naamka, nayatafuta macho yake siyapati.

Shule yangu iliishia msingi, kuchora sikufundishwa. Nilipigilia shuka kuukuu ukutani, nikachanganya rangi za unga na wanga, uleule tuliokazia kola za madaktari. Shati lake nikalipaka buluu ya kufulia. Nikamharibu, nikamfuta, nikamrudia. Jumamosi moja jioni akatokea, ananicheka. Ukuta ule una unyevu, basi nikalitundika shuka kwenye kiti karibu na dirisha likauke.

Jumapili natoka kanisani, namkuta wifi uani, mikono imelowa mpaka viwiko. Ana ufunguo tangu kaka yake alipougua.

"Nimekufulia shuka lako," akasema. "Doa gani lile? Limekula maji ya moto mara mbili."

Shuka lilikuwa kwenye kamba, jeupe. Wanga hauna ubishi na maji ya moto. Mtu mwingine angelikunjua kwanza atazame. Dobi akiona shuka lina rangi, mkono unatangulia.

"Lile lilikuwa kaka yako, wifi."

Akalitazama shuka, akajifuta mikono kwenye gauni. Midomo ilimcheza, nikadhani ataomba radhi. Kumbe alikuwa anatafuta pa kusimamia.

"Basi Mungu kasema. Acha sasa. Nimeongea na muuguzi mkuu, nafasi yako ya pasi haijajazwa. Kesho tunakwenda wote. Kanisani wananiuliza wifi yako ana nini, mimi niwaambie nini?"

"Waambie ana shuka safi."

"Naongea mambo ya maana."

"Na mimi pia. Mungu akitaka kusema nami, kila asubuhi ananikuta nimepiga magoti. Hana haja ya kutuma mtu na beseni."

Nikalianua shuka likiwa bado na unyevunyevu, nikaingia nalo ndani, nikalipigilia palepale. Nikachukua kipande cha mkaa. Wifi alikuwa nyuma yangu.

"Unafanya nini?"

"Narudia."

"Jumapili?"

"Wewe ulipofua ilikuwa Jumatatu?"

Nilianza na mdomo.

"Meno yake yako wapi?" akauliza.

"Hakuwa nayo."

"Mchore alivyokuwa zamani. Mvishe suti."

"Suti aliivaa siku moja. Mimi niliishi na huyu."

"Huyo ni kaka yangu. Nina sauti."

"Unayo. Na pua yake unayo. Kaa hapo dirishani, maana pua ndiyo iliyonisumbua."

Sijui kwa nini alikaa. Labda ni uchovu. Miaka yote tulikunja mashuka pamoja, yeye kashika ncha ile, mimi ncha hii, na sikuwahi kumtazama hivyo. Pua ikaja. Shavu nalo likaja lenyewe. Mume wangu akaanza kutoka tena kwenye kitambaa, safari hii anafanana na dada yake kuliko mwanzo.

"Kesho nakupitia," wifi akasema. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Usinipitie. Sirudi. Na hili ukilifua, nitachora jingine. Mashuka ninayo."

Akasimama, akasogea karibu na ukuta. Akanyoosha kidole kwenye ule mdomo usio na meno, kama anayetaka kupangusa kitu, akakirudisha. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka, nami sikugeuka, maana jicho la kushoto lilikuwa bado.