Kisigino Mara Mbili

Mazoezini alishindwa mara tatu, na leo watu wamejaa ukumbini. Fundi wa taa huyu kazima taa tangu ujana wake bila kuuliza kwa nini, lakini moja ilimshinda: ile ya dansi ya marehemu mkewe.

Dansi yenyewe haikuwa na makuu. Taa moja, duara la mwanga sakafuni, na mchezaji anayelifuata huku fundi akilipunguza kidogo kidogo, hadi dakika ya tisa pamebaki pa kusimama tu. Hapo mchezaji hugonga kisigino mara mbili, taa inazimwa, basi. Mkewe alikataa katakata kurekodiwa. "Kizuri kikiisha, kiache kiishe," alikuwa akisema. Mume akibisha, anachekwa: "We fundi gani unaogopa giza?"

Haya, yuko wapi sasa? Homa ya siku nne tu, kaondoka. Dansi akaibeba mdogo wake, aicheze mara moja, leo mchana, ya kumuaga.

"Shemeji, usinitie aibu," mdogo mtu alimwambia kabla ya kupanda jukwaani. "Nikigonga, zima."

"Nitazima."

Thubutu!

Shemeji alikunja bega vilevile, akatupa mkono vilevile, na fundi kule nyuma kwenye mitambo yake akamwona mkewe, si mwingine. Duara likasinyaa. Ko, ko. Kidole kilikuwa juu ya swichi, hakikushuka. Ko, ko, tena. Hatua zimekwisha, binti wa watu kasimama kwenye kimwanga cha ukubwa wa sinia, jasho linamtiririka. Watu wakaanza kukohoa. Fundi alikuwa analia kama mtoto, maana akizima, mkewe haonekani tena popote duniani.

Mama mkwe, aliyekaa safu ya mwisho, mbele yake tu, akageuka. Hakupaza sauti.

"Baba, zima. Mwanangu amechoka."

Hakumuuliza mwana yupi. Alizima.

Makofi yakalipuka gizani. Mkono wake ukabaki palepale kwenye swichi, naye akitega sikio, akingoja kuchekwa: we fundi gani unaogopa giza?

Hakuna aliyemcheka.