Abiria

Anayesema kuondoka ni rahisi, aje aniambie usoni. Miaka mitano mfululizo nimejaza fomu ya kwenda kufundisha Kiingereza ng'ambo, na kila mwaka muda umeisha nikiikodolea macho. Fomu inataka uchague nchi moja tu. Moja! Kuna ya baridi, ambayo mama akiisikia anashika kichwa. Kuna ya jangwani, anayoitaka yeye kwa sababu binti wa jirani yuko huko. Kuna ya visiwani, ninayoitaka mimi, basi tu, roho inapenda.

Shuleni wamenibatiza Abiria. "Abiria, bado uko kituoni?" ndiyo salamu yangu ya asubuhi. Nacheka nao, lakini inaniuma. Najitetea kwamba nikiondoka, nani atawafundisha kidato cha nne? Watoto wa watu ndio wanaonizuia.

Mwaka huu siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Kufika saa sita sikuwa na utulivu hata kidogo. Nakaa, nasimama, nakunywa chai nisiyoitaka. Nikaenda kujisimamisha mbele ya ratiba ukutani, ilimradi tu. Ndipo nikaona. Vipindi vya walimu wote vimeandikwa kwa wino, vyangu kwa penseli.

"Kaka, hii nini?" nikamuuliza mwalimu wa taaluma, ambaye ndiye anayepanga ratiba.

"Dada yangu, usininunie. Ukiondoka nafuta tu, sichafui karatasi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule wa kwanza uliposema unaondoka." Akashusha sauti. "Hata wanafunzi wako wameshazoea. Kila shule ikifunguliwa wanakuja kuniuliza, eti mwalimu wetu bado yupo?"

Loh! Miaka yote hiyo najigamba kwamba nimebaki kwa ajili yao, kumbe nimewaning'iniza. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nikaingia kidato cha nne na simu mkononi, fomu ikiwa wazi. Hata salamu sikungoja.

"Sikilizeni. Visiwani na jangwani wanataka mtu mwezi ujao. Nchi ya baridi inaanza mkishamaliza mitihani yenu. Naomba hiyo. Wakinichukua, nitaondoka mkishamaliza. Wakinikataa, nabaki hapa, na fomu sijazi tena."

Kiranja, binti mmoja asiyecheka ovyo, akanitazama. "Safari hii kweli, mwalimu?"

Nikabonyeza kutuma mbele yao. Simu ikaandika kwamba maombi yamepokelewa. Nikaigeuza waione.

Nilidhani watalia, au angalau wataguna. Wapi! Kiranja akafungua daftari, na darasa zima likafungua.

"Basi tufundishe, mwalimu," akasema. "Sasa tunajua tuko nawe mpaka lini."